Wimbo Ulioidhihaki MTV, na MTV Ikaupenda

Tarehe 1 Agosti 1987, MTV ilipoanza kurusha matangazo yake barani Ulaya, video ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa ya "Money for Nothing", wimbo wa bendi ya roki ya Uingereza, Dire Straits. Aliyeuchagua alijua anachokifanya, maana wimbo unaanza kwa sauti nyembamba inayodai MTV yake, na ukiusikiliza juujuu unaweza kudhani ni tangazo la kulipiwa. Kumbe ni kinyume. Ni manung'uniko ya kibarua aliyesimama mbele ya MTV na kuona wababaishaji watupu: watu wamejipodoa, wamevaa hereni, wanatekenya magitaa, halafu wanasafiri kwa ndege zao binafsi. Jina la wimbo ndilo lalamiko lake lote. Hizo ni pesa za bure.

Tangu singo hiyo itoke katikati ya mwaka 1985, watu hawajaacha kuichanganya. Wapo wanaoamini ni wimbo wa kuwatusi mashoga. Wapo wanaousikia kama majigambo ya mwanamuziki tajiri. Wengine wanadhani ni Sting, mwimbaji wa bendi ya The Police, aliyeuandika, na wengine wanaukumbuka kwa vile vikatuni vya kompyuta tu, hata sura ya mwimbaji hawaijui. Kila fundo kati ya hayo lina namna yake ya kufunguka, na ukiyafungua moja baada ya jingine unajikuta unarudishwa kwenye swali la yule kibarua mwenyewe: nani hasa amefanya kazi hapa, na nani amelipwa?

Mtu wa dukani

Mark Knopfler, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Dire Straits, hajawahi kuficha alikoutoa wimbo huu. Alikuwa New York, ndani ya duka linalouza friji, majiko, maikrowevu na televisheni. Televisheni zilikuwa zimepangwa, zote zinaonyesha MTV. Mfanyakazi mmoja wa pale, mwanaume wa miraba minne mwenye kofia ya besiboli na viatu vya kazi, alikuwa akizitazama huku akitoa maoni yake kwa sauti juu ya kila mwanamuziki aliyepita kwenye kioo. Knopfler akatega sikio. Kisha akaomba kalamu na karatasi, akaketi katika sehemu ya maonyesho ya vyombo vya jikoni palepale dukani, akaanza kuandika.

Mengi yaliyomo katika beti ni maneno ya mtu yule, au yako karibu sana nayo. Knopfler alieleza baadaye kwamba aliyataka yabaki na ukali wake kwa sababu ndivyo mtu huyo alivyoongea, na akiyalainisha wimbo utakuwa wa uongo. Kiitikio nacho ni orodha ya mizigo ya siku: maikrowevu za kufunga, majiko ya kupeleka majumbani, friji na televisheni za rangi za kuhamisha. Ukifikiria kidogo, ni nadra sana wimbo wa kushika namba moja kuwa na kiitikio cha mtu anayepanga kazi za kesho.

Wanaosoma ushairi wana neno la kufaa hapa: nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mtunzi. Nafsineni wa "Money for Nothing" ni mbeba friji. Knopfler amemwazima sauti tu. Tatizo ni kwamba wimbo hauna alama za kunukuu. Katika riwaya tunaona mahali mhusika anapoanza kuongea na mahali anapomaliza. Katika wimbo wa roki tunamsikia mwanamuziki, tunaona picha yake kwenye jalada, na tumezoea kudhani kila "mimi" inayotoka kinywani mwake ni yeye. Knopfler hakutusaidia pia kwa uimbaji wake. Haigizi, habadilishi lafudhi waziwazi, ananung'unika kwa sauti ileile ya puani anayotumia kwenye nyimbo zake za mapenzi. Aliyewasha redio katikati ya ubeti hana njia ya kujua kwamba anayemsikia ni mtu mwingine.

Na hata ukishajua, bado kuna la pili. Kibarua anasema kupiga gitaa si kazi, ila chini ya maneno yake, tangu mwanzo hadi mwisho, linapita gitaa ambalo maelfu ya wapigaji wamejaribu kuliiga bila kulipata sawasawa. Muziki unambishia papo hapo anapoongea. Mimi naona huo ndio utani mkubwa wa wimbo huu, mkubwa kuliko neno lolote lililomo. Ila Knopfler hamchezei tu mtu wake, kwa sababu upande mmoja anakubaliana naye. Kufikia mwaka 1985 mtu angeweza kabisa kuwa nyota kwa nywele zake.

Kituo kilichoishi kwa bidhaa za wengine

Ili kuelewa hasira ya kibarua, na woga wa Knopfler kuhusu video, inabidi kujua MTV ilivyokuwa inaendeshwa. Ilianza Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Vipindi vyake vilikuwa video za nyimbo, na video hizo zilitengenezwa kwa gharama za kampuni za rekodi, ambazo ziliwapa MTV kama matangazo ya kuuza sahani zao. Kituo kikapata karibu kila kilichoonyesha bila kukilipia. Ukitaka mfano wa pesa za bure katika habari hii, ningeanzia hapo, si kwa wapiga gitaa.

Kikwazo kilikuwa njia ya kumfikia mtazamaji. MTV haikushikwa kwa antena. Ilipita kwenye nyaya za kampuni za televisheni ya kebo, na kila kampuni iliamua yenyewe ibebe kituo gani. Nyingi hazikuona faida ya kituo cha vijana kinachopiga muziki mchana na usiku. Hata Manhattan, makao makuu ya kituo chenyewe, hakikupatikana siku ya kuzinduliwa, ikabidi wafanyakazi wake wavuke mto hadi New Jersey ili waone kazi yao ikienda hewani.

Ndipo mwaka 1982 wakaja na kampeni ambayo bado inafundishwa kwa watu wa matangazo. Waliwachukua kina Mick Jagger, David Bowie, Pete Townshend na Sting wa The Police, wakawaweka mbele ya kamera, na kumwambia mtazamaji aipigie simu kampuni yake ya kebo adai MTV yake. Simu zilimiminika, kampuni zikalegea. Kauli ile ya kudai MTV ikawa midomoni mwa kila kijana wa Marekani.

Kwa bendi kama Dire Straits, haya yalikuwa mazingira ya ugenini. Walianza London mwaka 1977, wakajulikana kwa gitaa safi na hadithi za watu wa kawaida, wakipanda jukwaani na mavazi ambayo mtu angeweza kuendea sokoni. Kitu pekee cha kukumbukwa katika mwonekano wa Knopfler kilikuwa kile kitambaa cha kufunga kichwani. Upande wa pili walikuwepo Waingereza wenzao waliopanda chati za Marekani kuanzia mwaka 1982 kwa sababu walikuwa na video tayari, za rangi, za mitindo, wakati bendi nyingi za Kimarekani bado hazikuwa nazo.

Sauti moja nyembamba, asilimia nyingi

Albamu yenye wimbo huu, "Brothers in Arms", ilirekodiwa kati ya mwisho wa 1984 na mwanzo wa 1985 katika AIR Studios, kisiwani Montserrat, Karibiani. Studio hiyo ilifunguliwa mwaka 1979 na George Martin, prodyuza wa The Beatles. The Police nao walikuwa wamerekodi hapo, kwa hiyo Sting alikifahamu kisiwa, na wakati Dire Straits wakiwa kazini yeye alikuwa hapo likizoni. Akaalikwa chakula cha jioni. Knopfler tayari alikuwa na wazo la kutumia ile kauli ya tangazo, na tena kwa kuiimba katika mlio unaofanana na wa "Don't Stand So Close to Me", wimbo wa The Police wa mwaka 1980. Nani wa kuiimba kama si mwenyewe? Sting akaingia kwenye chumba cha kurekodi, akaimba mstari wa mwanzo na sauti za kuitikia.

Tazama jinsi mambo yanavyobebana. Sting aliitangaza MTV bila wimbo, sasa anaiimba ndani ya wimbo unaoicheka, kwa sauti ya juu iliyojaa hamu kana kwamba anaomba dawa.

Kisha wakaja watu wa hakimiliki. Kampuni iliyosimamia haki za tungo za Sting ilisikia melodia ile, ikatambua kwamba ni mali inayoisimamia, ikadai sehemu yake. Ndiyo maana "Money for Nothing" ni wimbo pekee katika albamu ile wenye majina mawili ya watunzi, Knopfler na Sting. Sting mwenyewe amesema jambo hilo lilimtia aibu, kwamba yeye hakudai chochote, waliodai ni wenye kampuni. Kwa hiyo dhana kwamba aliuandika si sahihi, na dhana kwamba jina lake limewekwa kwa heshima tu nayo si sahihi. Limo kwa sababu sheria ya muziki inahesabu melodia na maneno.

Na hapo sheria hiyo inaonyesha isichokihesabu. Mlio wa gitaa hauna mirabaha ya utunzi. Mpigo wa dramu hauna. Kibarua wa New York aliyetoa beti karibu nzimanzima hayumo popote kwenye karatasi. Sijui kama kuna wimbo mwingine maarufu ambao mgawo wake wa malipo unathibitisha malalamiko ya mhusika wake kiasi hiki.

Maikrofoni iliyoelekea sakafuni

Huo mlio wenyewe una kisa chake. Knopfler hupiga gitaa kwa vidole vitupu, bila kipigio, na kwa miaka mingi alijulikana kwa sauti safi ya gitaa la Fender Stratocaster. Kwa wimbo huu alitaka kitu kizito, chenye mkwaruzo, kama cha Billy Gibbons wa ZZ Top, bendi ya Texas iliyokuwa ikivuma mno MTV wakati huo. Akashika gitaa la Gibson Les Paul.

Prodyuza mwenza, Neil Dorfsman, alikuwa kwenye chumba cha mitambo akisikiliza, huku fundi wa magitaa akizihamisha maikrofoni mbele ya amplifaya katika chumba kingine kwa kufuata maelekezo yake. Kabla hawajamaliza kuzipanga, ghafla sauti ikatoka jinsi inavyosikika kwenye rekodi. Dorfsman akaenda kuangalia. Alikuta maikrofoni moja imeinama ikitazama sakafu, nyingine haijaelekezwa vizuri kwenye spika, yaani mpangilio ambao hakuna fundi angeupendekeza kwa makusudi. Akaamuru pasiguswe kitu. Baadaye, wakiwa New York kwa ajili ya kumalizia albamu, walijaribu kuupata tena mlio uleule kwa vifaa vilevile. Haukuja.

Watu wanapenda kukisimulia kisa hiki kama cha bahati nasibu. Sikubaliani. Maikrofoni huanguka kila siku duniani. Aliyejua kwamba hiyo iliyoanguka isiinuliwe ndiye aliyefanya kazi. Gitaa lile lilikuja kuuzwa kwenye mnada wa Christie's jijini London mwezi Januari 2024, Knopfler alipouza mkusanyiko wake.

Dramu nazo zina watu wawili. Ile ngurumo ya mwanzo, inayopanda taratibu kutoka kwenye sintesaiza ya Alan Clark hadi kulipuka kabla ya gitaa kuingia, ni ya Terry Williams, mpiga dramu wa bendi. Ila prodyuza hakuridhika na upigaji wake kwa sehemu kubwa ya albamu, akaitwa Omar Hakim, Mmarekani wa jazi, akarekodi upya karibu kila kitu kwa muda mfupi mno. Williams akabaki na ule utangulizi, na akabaki bendini kwa ziara nzima. Sekunde zake chache ndizo zinazotambulika zaidi kuliko mpigo wowote mwingine wa Dire Straits.

Budapest, chakula cha jioni

Sasa video. Steve Barron alikuwa miongoni mwa waongozaji wa video waliotafutwa sana: mwaka 1983 alitengeneza ile ya "Billie Jean" ya Michael Jackson, na mwaka huohuo wa 1985 alihusika na video ya a-ha, "Take On Me", ya michoro ya penseli inayopata uhai. Kampuni ya rekodi ilimtaka kwa sababu MTV ilitaka video yenye wazo. Bendi imesimama jukwaani inapiga tu? Hiyo haikuwatosha.

Knopfler hakutaka. Kwake yeye wimbo ulipaswa kupigwa, na video za visa zingeuharibu. Barron akasafiri hadi Budapest, ambako bendi ilikuwa ziarani, akamweleza wazo lake mezani wakati wa chakula cha jioni. Kwa maelezo ya Barron mwenyewe, Knopfler hakuvutiwa. Aliyeokoa jahazi ni mpenzi wa Knopfler, Mmarekani, aliyesema kwamba MTV haina video za kutosha zenye kuvutia na kwamba wazo hilo ni zuri. Knopfler akaguna kitu ambacho Barron alikichukulia kuwa ndiyo, akaondoka kabla hakijageuka hapana.

Wazo lilikuwa kumtoa kibarua katika wimbo na kumweka kwenye kioo. Hapa ndipo video ilipofanya kazi ambayo sauti ya Knopfler haikuifanya: iliweka zile alama za kunukuu zilizokosekana. Ukiitazama huwezi tena kuchanganya. Anayelalamika ni jibaba la pembenne lenye kofia, linasukuma friji. Anayepiga gitaa ni mtu mwingine kabisa, yuko ndani ya televisheni.

Wahuishaji, yaani waliovipa vikatuni vya kompyuta uhai, walikuwa Ian Pearson na Gavin Blair, waliofanya kazi London katika kampuni ya Rushes. Kompyuta waliyotumia, Bosch FGS-4000, ilitengenezwa kwa ajili ya michoro ya televisheni, kama nembo za taarifa ya habari zinazozunguka. Kompyuta ya namna hiyo hujenga umbo kwa kuunganisha vipande bapa. Kitu chenye kona, kama sanduku, kinahitaji vipande vichache. Shavu la binadamu linahitaji vingi, na kila kipande kinachoongezeka ni muda wa ziada wa kukokotoa kila picha. Ndiyo sababu wale wabebaji wawili wana mikono kama mabomba na vichwa kama vifurushi. Umaskini wa mashine ukawafaa. Watu wanaobeba maboksi siku nzima wamegeuka kuwa maboksi, na hakuna mtazamaji aliyeona kasoro. Wangejaribu kuchora uso wa kupendeza kwa vifaa vile, leo tungekuwa tunaicheka video hii badala ya kuitazama. Na tukumbuke kwamba filamu ndefu ya kompyuta mwanzo hadi mwisho ilifika kwenye majumba ya sinema miaka kumi baadaye.

Sehemu ya bendi ilipigwa picha kwenye onyesho lao la Budapest, halafu ikapelekwa kwenye mashine nyingine, Quantel Paintbox, iliyomwezesha mchoraji kupaka rangi juu ya picha halisi kwa kalamu ya kielektroniki. Zile rangi za kung'aa kama taa za neoni zinazofuata kingo za gitaa na kitambaa cha Knopfler zilichorwa picha baada ya picha. Televisheni ya Uingereza ilikwenda kwa picha 25 kila sekunde, kwa hiyo sekunde kumi za gitaa linalowaka ni picha 250, kila moja na mkono wa mtu. Kwa video inayomnukuu mtu akisema kwamba wa kwenye televisheni hawafanyi kazi, hiyo ni kazi nyingi.

Kuna mzaha mdogo ambao watazamaji wengi wanaupita. Wakati kibarua anatazama televisheni, zinapita video mbili zenye maandishi pembeni kama MTV ilivyozoea kuandika jina la msanii na albamu. Moja inadaiwa ni ya Ian Pearson Band. Bendi hiyo haikuwepo. Ni jina la mhuishaji mwenyewe. Nyingine, iliyoandikwa First Floor, ni vipande vya video halisi ya bendi ya Hungaria iitwayo Első Emelet, jina lenye maana hiyohiyo. Bendi iliyokuwa maarufu kwao ikapita mbele ya mamilioni ya Wamarekani kama mfano wa upuuzi wa televisheni, na wengi hawakujua kama ni ya kweli.

Matokeo yanajulikana. MTV iliirusha bila kuchoka. Mwezi Septemba 1985 singo ikakaa namba moja Marekani kwa wiki tatu, wakati nyumbani Uingereza iliishia namba nne. Albamu ikashika kilele cha chati ya Marekani kwa wiki tisa, na ikawa albamu ya kwanza kuuza nakala milioni moja kwenye CD, diski iliyokuwa bado ngeni na ghali. Mwaka 1986 wimbo ukapata Grammy ya uimbaji bora wa roki kwa kundi, na video ikachukua tuzo kuu ya MTV, video bora ya mwaka. Mojawapo ya video ilizozishinda ni "Take On Me", ambayo usiku huohuo ilizoa tuzo sita nyingine, kwa hiyo Barron alikuwa anashindana na Barron. Pearson na Blair walihamia Vancouver, Kanada, wakashiriki kuanzisha studio ya Mainframe, na mwaka 1994 wakatoa "ReBoot", mojawapo ya tamthilia za kwanza za televisheni zilizotengenezwa kwa kompyuta tupu.

Ubeti wa pili

Linabaki lile fundo gumu. Katika ubeti wa pili kibarua anamwita mwanamuziki wa kwenye televisheni, mara tatu, kwa neno la Kiingereza la kuwadhalilisha mashoga. Malalamiko hayakuanza juzi. Mwaka huohuo wa 1985 Knopfler aliwaeleza waandishi kwamba mhariri wa gazeti moja la mashoga la London alikuwa amelalamika. Jibu lake lilikuwa lile la nafsineni: anayesema ni mtu mjinga, na wimbo unamwonyesha alivyo. Lakini aliongeza jambo ambalo watetezi wake mara nyingi hulisahau. Alikiri kwamba alikuwa na mashaka kama ni busara kutunga nyimbo kwa sauti za watu wengine, maana si kila msikilizaji ataliona hilo. Jukwaani mara kadhaa alilibadilisha neno hilo mwenyewe, na matoleo mengi ya redio yaliukata ubeti mzima.

Mwaka 2010 msikilizaji mmoja wa redio ya St. John's, Newfoundland, alilalamika kusikia ubeti huo hewani. Baraza la viwango la watangazaji binafsi wa Kanada likaamua, Januari 2011, kwamba wimbo ukiwa na neno hilo haufai kupigwa redioni nchini humo. Kelele zikawa kubwa. Baadhi ya vituo vikaupiga mfululizo kwa saa nzima kwa ukaidi. Mamlaka ya utangazaji ya nchi hiyo ikaliomba baraza liangalie upya, na Agosti mwaka huohuo likalegeza: neno bado ni baya, lakini muktadha wa mhusika unahesabika, basi kila kituo kiamue chenyewe kupiga toleo zima au lililokatwa.

Naona pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila hazikuwa zinazungumzia kitu kimoja. Walioutetea walizungumzia wimbo mzima, ukiwa umekaa na kuusikiliza. Aliyelalamika alizungumzia redio, ambayo hutupa sentensi moja ndani ya gari la mtu na kuendelea na safari, bila video, bila kofia ya besiboli, bila mtu wa kumwonyesha kwamba hayo ni maneno ya mhusika. Kejeli inahitaji msikilizaji awe amefika tangu mwanzo. Tena neno linaloumiza haliachi kuumiza kwa sababu limewekwa kinywani mwa mjinga. Wapo waliolisikia likitumiwa dhidi yao na wajinga halisi, wasio wa kutungwa.

Kwa anayetaka kuusikiliza leo, aangalie anachokishika, kwa kuwa matoleo hayafanani. Lile la CD lina dakika nane na nusu hivi. La sahani ya santuri lilifupishwa hadi dakika saba kwa sababu ya nafasi. Singo ni karibu dakika nne na nusu, na ngurumo ya Williams imepunguzwa. Ya redio, mara nyingi, haina ubeti wa pili. Aliyezoea toleo fupi hukosa pia mwisho mrefu, ambako maneno ya kibarua yanajirudia, Sting anaendelea kudai MTV yake nyuma, na gitaa la Knopfler linatembea peke yake juu ya wote wawili bila haraka yoyote ya kumaliza.